Mguu wa Baba Mkwe

Gesima, S.L.P. 41, Keroka
11 Machi 1973

Kwako Sista Persis,

Tulifika salama. Naanza na hilo kwa sababu nilikuona ulivyosimama pale stendi ya basi mpaka tukapotea, kama mama anayempeleka mtoto shule ya bweni kwa mara ya kwanza.

Baba mkwe wangu, Mzee Joash Makori, alishuka Keroka kwa miguu yake mwenyewe. Watu sokoni waliacha kununua ndizi wakamtazama. Miaka miwili wamezoea kumwona akibebwa kwenye kiti, mwili umekakamaa, uso hausemi kitu, na wako walioanza kuulizana atazikwa upande gani wa shamba. Sasa huyo hapo anawasalimia kwa majina na kuwauliza habari za ng'ombe wao. Mama mmoja alikaa chini akalia.

Kwa hiyo asante. Daktari naye mpe asante yake, lakini yako naomba iwe kubwa zaidi, kwa sababu wewe ndiwe uliyekaa na sisi wiki tano hapo hospitalini Nairobi ukituelezea ugonjwa huu wa Parkinson kwa maneno ya kueleweka. Kiswahili changu ni cha darasani, nawe Mtaita chako ni cha kuzoea, basi nikikosea usinicheke mbele za watu.

Maagizo nimeyabandika ukutani. Dawa kidogo kidogo mara tano kwa siku, isizidi kwa mpigo mmoja, maana ikizidi mwili unaanza kucheza wenyewe. Ya kwanza alfajiri akiwa bado kitandani. Maziwa na maharagwe yasubiri saa nzima. Na ule mguu unaojikunja asubuhi ukandwe kwa kitambaa cha moto, unyooshwe, ukanyagishwe ubao kabla hajasimama. Yote yatafanyika.

Bwanangu Omwenga bado yuko Mombasa kwenye reli. Nyumbani tuko watatu tu: Baba katika nyumba yake, na mimi katika nyumba yetu ng'ambo ya ua pamoja na Bochaberi wangu wa miezi minane. Mtoto ana jina la marehemu mama mkwe, ndiyo maana Baba anamwita "mke wangu" na kumlaumu kwamba siku hizi hampikii.

Wako mwenye shukrani nyingi,
Drusilla Nyanchama


Nairobi
24 Machi 1973

Mama Bochaberi mpendwa,

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai, na ile habari ya mama aliyekaa chini akalia nikatakiwa kuirudia. Kiswahili chako hakina ubaya wowote. Mwambie Mzee tunamkumbuka, hasa mpishi, ambaye bado anasema hajawahi kupata mgonjwa wa kuuombea ugali wake baraka kabla ya kuukataa.

Sasa nikukumbushe jambo moja, na ulishike vizuri. Dawa hii ni mpya na ni adimu. Tunapata chupa chache, na wanaozisubiri ni wengi. Daktari amempa Mzee miezi mitatu. Kinachomtia shaka ni ule mguu. Misuli kujikaza yenyewe asubuhi, bila mwenyewe kuiamuru, huweza kuwa ni kwa sababu dawa ya jana imekwisha mwilini, na hapo tiba ni kuwahi alfajiri na kuukanda mguu. Au huweza kuwa dawa yenyewe haipatani naye. Mkifanya yote tuliyowafundisha na mguu usibadilike, daktari ataamua ni hilo la pili. Ataiondoa dawa, na Mzee atarudi kwenye kiti.

Kwa hiyo niandikie kila mwezi. Andika unachokiona, mimi nitampelekea.

Wako,
Persis


Gesima
15 Aprili 1973

Sista Persis,

Mvua imeanza na majani chai yanatoka kuliko mikono iliyopo. Baba mchana ni mzima kabisa. Juzi aliingia shambani akachuma nusu kikapu, na vidole vyake vilikata majani mawili na chipukizi lake bila kupasua, kazi iliyomshinda tangu mwaka sabini. Jirani zangu wanakuja kumtazama tu. Nimechoka kuwapikia uji lakini nimefurahi kuchoka hivyo.

Asubuhi ndiyo bado. Tunafanya kama ulivyoagiza, lakini mguu unajikunja kila siku. Kitanda kinalia, halafu nasikia pumzi yake inavuta na kukatika, halafu kimya, halafu tena. Inachukua nusu saa au zaidi. Halalamiki. Husema zaburi kwa sauti ya chini mpaka maumivu yaishe.

Mwambie daktari avumilie kidogo.

Drusilla


Nairobi
2 Mei 1973

Mama Bochaberi,

Daktari ameisoma barua yako, kisha akachora mstari mwekundu kwenye kadi ya Mzee. Sikuupenda ule mstari. Amesema kama dawa ya alfajiri na kukanda havijasaidia kwa wiki sita, hadhani vitasaidia kwa kumi na mbili.

Nilimwomba asiamue mpaka nikuulize mambo matatu. Mguu ni upi? Kidole gumba kinasimama, au nacho kinajikunja pamoja na wenzake? Unyayo unageukia ndani au nje? Nimezisoma barua zako tena. Umenieleza kitanda kinavyolia, pumzi yake, zaburi, hata dakika. Mguu wenyewe hujanieleza.

Jibu upesi.

Persis


Gesima
13 Mei 1973

Sista,

Ni mguu wa kulia. Vidole vyote vinajikunja, na unageukia nje.

Samahani leo sina maneno mengi, majani chai yananisubiri na mtoto ana homa kidogo.

Drusilla


Nairobi
23 Mei 1973

Drusilla,

Kadi ya Mzee iko mbele yangu na mwandiko ni wangu. Kushoto. Kidole gumba kinasimama, vingine vinne vinajikunja, unyayo unageukia ndani. Wiki tano niliushika mguu ule kwa mikono yangu, siwezi kuusahau.

Barua yako ya mwisho sijampelekea daktari. Iko kwenye mfuko wa sare yangu na inanichoma. Nina swali moja tu, nami naliuliza kama dada: nani anaukanda mguu wa Mzee?

Persis


Gesima
3 Juni 1973

Dada Persis,

Hakuna.

Hakuna anayeukanda na hakuna anayempa dawa kitandani. Nimekudanganya tangu Machi, na kila asante niliyokuandikia nilihisi kama nakuibia.

Ngoja nikueleze, kisha unihukumu. Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni heshima na aibu kwa pamoja. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hamshiki mwili. Hamwoni akiwa amelala. Hata Omwenga angekuwa hapa asingeingia, kwa sababu mwana naye haruhusiwi kufika kitanda cha baba yake. Hilo si jambo la ushamba ambalo mtu analiacha akisoma hadi darasa la nane. Nikilivunja, Baba hataweza kula tena chakula nilichopika, wala mimi kumtazama usoni.

Hapo Nairobi kazi hiyo mliifanya ninyi. Ulipovuta lile pazia ili unionyeshe namna ya kukanda, mimi nilisema nakwenda kutafuta maji. Ulinisubiri nirudi. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikiliza.

Kila alfajiri naingia sebuleni kwake, naweka kidonge na maji juu ya meza, nakohoa, natoka. Naye lazima aje mezani kwa mguu ule ule. Ni hatua kumi. Akifika, nusu saa imepita na njaa inamuuma, basi anakimeza pamoja na chai ya maziwa. Tulijaribu usiku aende nacho mwenyewe kitandani. Asubuhi mikono yake ilikuwa haijaamka, kidonge kikamponyoka. Nilikisikia kikidondoka na kubiringika uvunguni, yeye akikipapasa, nami niko mlangoni hatua nne kutoka pale. Nilisimama nikalia.

Mjukuu angeruhusiwa. Kati ya babu na mjukuu hakuna aibu. Lakini "mke" wake ndiyo kwanza anaota meno.

Nilidanganya kwa sababu niliona haya. Niliogopa mtasema watu hawa hawastahili dawa, hata mguu wa mgonjwa wao hawaushiki. Sasa kwa uongo wangu ataikosa kabisa, na nitamwona akirudi kwenye kile kiti nikijua ni mimi niliyemrudisha.

Barua yako ilipofika nilikwenda kutazama tope nje ya mlango wake, pale anapopita peku asubuhi kwenda chooni. Mguu wa kulia umeacha unyayo mzima. Wa kushoto umeacha ukingo wa nje peke yake, na shimo dogo pembeni la vidole vilivyojikunja. Kwa hiyo ni kushoto, Dada. Pokea hiyo kama ripoti yangu ya kwanza.

Drusilla


Nairobi
12 Juni 1973

Drusilla mpendwa,

Niliisoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama. Nilikasirika mpaka ukurasa wa pili. Pale kwenye kidonge uvunguni hasira ikaisha.

Kosa si lako peke yako. Mimi niliandika "mguu ukandwe" nikadhani nimemaliza kazi. Sikuuliza ukandwe na nani. Wiki tano nilimwona binti anayetafuta maji kila nikivuta pazia, nikafikiri ana kiu.

Daktari nimemwambia yote, hata yangu. Alichukua wembe akaukwangua ule mstari mwekundu mpaka karatasi ikachubuka. Anasema tiba ambayo haijafanyika haiwezi kusemwa imeshindwa. Ametupa mpaka mwisho wa Agosti, zaidi ya hapo hawezi, kwa sababu anayefuata kwenye orodha ni mama wa watoto sita.

Sitaki uvunje heshima yenu. Sasa nauliza swali nililopaswa kuliuliza Februari: kwa mila yenu, ni nani anayeweza kuingia chumbani kwa Mzee na kumshika mguu bila aibu?

Dada yako,
Persis


Gesima
8 Julai 1973

Dada Persis,

Ulipouliza nilicheka, maana jibu nilikuwa nalijua na nilikuwa nalikwepa.

Ni mtu wa rika lake. Wanaume waliotahiriwa msimu mmoja hawana chinsoni kati yao. Wanaoga pamoja, wanashikana, wanatukanana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwa muuguzi. Wa rika la Baba wengi wamekufa, wengine wamehamia mbali kutafuta mashamba. Aliyebaki ni mmoja, anaitwa Onchiri, anakaa ng'ambo ya kijito. Na huyo na Baba hawajasemezana miaka tisa.

Sababu ni kwamba Baba ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Mwaka wa sitini na nne alisimama mbele ya waumini wote akasoma jina la Onchiri kwa kosa la pombe, na Onchiri akafutwa kanisani. Alichukua kofia yake akatoka, akajiunga na Wakatoliki, na hakuwahi kuvuka kile kijito tena. Hata tulipomzika mama mkwe, alisimama upande wake wa maji, kofia mkononi, mpaka kaburi likaisha kufukiwa.

Nilikwenda bila kumwambia Baba, Bochaberi mgongoni. Nilimkuta akikata nyasi za ng'ombe. Nilimweleza yote: dawa, kitanda, hatua kumi, na tarehe aliyoweka daktari. Hakuacha kukata. Mwishoni akaniuliza kama Makori ndiye aliyenituma. Nilikuwa nimeshasema uongo wa kutosha mwaka huu, nikamjibu hapana, hajui kama niko hapa. Alikata nyasi mpaka mzigo ukajaa, akaufunga, akaujaribu uzito wake. Nilijua nimekataliwa nikaanza kuondoka.

"Mguu upi?" akaniuliza.

"Wa kushoto," nikasema, na safari hii sikubahatisha.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, niliona taa yake ikivuka kijito. Nilikuwa nimeacha sebuleni kidonge, maji, birika la maji moto, kitambaa na ubao. Nilisikia akikohoa, akaingia. Nikarudi jikoni kwangu. Nikachochea moto, nikasubiri. Kisha nikasikia sauti ya Onchiri ikitoa tusi kubwa kuhusu miguu ya Baba, kwamba hata walipokuwa vijana haikuwa ya kutazamwa. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu niolewe hapa. Baba mkwe wangu anacheka.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Ripoti yenyewe nitaituma nikiwa na hakika, sitaki tena kuandika nisichokiona.

Drusilla


Gesima
20 Agosti 1973

Kwa Muuguzi Persis,

Huu mwandiko ni wangu mwenyewe, mimi Joash Makori. Nisamehe udogo wa herufi. Naanza kubwa, zenyewe zinajikusanya zikifika ukingoni, lakini mwaka jana sikuweza hata kushika kalamu, kwa hiyo mimi naona ni mwandiko mzuri.

Mguu umelegea. Nasema kwa utaratibu ili daktari aelewe. Onchiri anafika saa kumi na moja. Ananipa kidonge na maji. Ananikanda kwa kitambaa cha moto, anakunjua vidole kimoja kimoja, anauweka unyayo juu ya ubao na kuukandamiza kwa goti lake. Zamani ilikuwa nusu saa ya mateso. Sasa ni kama dakika kumi, na siku nyingine mguu haujikunji kabisa. Nakula saa moja baadaye. Mchana mwili hauchezi. Siku ya Sabato nilimwambia apumzike, akasema yeye ni Mkatoliki, Jumamosi kwake ni siku ya kazi.

Asubuhi ile ya kwanza nilimjua kwa kikohozi. Nimekisikia kutoka ng'ambo ya maji miaka tisa. Alisimama mlangoni akasema, "Nimekuja kushika mguu, sikuja kukusamehe." Nilimwambia nilipaswa kwenda nyumbani kwake kwanza kabla ya kusoma jina lake kanisani. Sikwenda kwa sababu nilipenda kusimama mbele ya watu. Maneno hayo nilikuwa nayo muda mrefu na sikuwa na mtu wa kumpa. Akasema ninyamaze nimpe mguu. Aliukanda vibaya sana siku ile. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya kipi.

Nakushukuru wewe, namshukuru daktari. Lakini nimeandika kwa ajili ya jambo lingine.

Mke wa mwanangu, Drusilla. Siku kidonge kilipoanguka nilimsikia akilia mlangoni. Ningemwita angeingia, kwa kuwa ana huruma, na tangu siku ile tungekuwa watu wawili wasioweza kukaa katika boma moja. Hakuingia, na hakuniacha. Wakati sikuwa na nguvu, sikuwa na mikono, sikuwa hata na uso, yeye alinitunzia heshima yangu. Kisha akavuka kijito akaniletea mtu niliyemfukuza. Nina wana wanne na hakuna aliyenifanyia hivyo.

Haya siwezi kumwambia. Baba mkwe hasemi maneno kama haya na mkwe hayasikilizi. Wewe si wa hapa, mdomo wako uko huru. Mwandikie.

Joash Makori


Nairobi
30 Agosti 1973

Drusilla mpendwa,

Daktari ameandika kwenye kadi, kwa wino wa buluu: aendelee na dawa. Yule mama wa watoto sita naye amepata, chupa mpya zimefika Jumanne. Wote wawili, Drusilla. Nilikwenda chooni nikamshukuru Mungu huko, kwa kuwa wodini kulikuwa na watu.

Mzee ameniomba nikuandikie maneno fulani. Nimekaa jioni mbili na kalamu, nikaona kila nikigusa nayaharibu. Nimeambatisha barua yake mwenyewe. Isome mahali ambapo hakuna mtu. Ukimaliza, hujaisoma.

Nami niweke langu. Kuna kadi mpya hapa hospitalini, tumeichapa wiki hii. Chini ya maagizo ya dawa kuna mstari ambao haukuwapo: "Nani nyumbani anaruhusiwa kumshika mgonjwa?" Tunauliza kabla ya kumruhusu mtu kuondoka. Huo mstari ni wako.

Persis


Gesima
9 Septemba 1973

Dada Persis,

Niliisoma katikati ya majani chai, nikiwa nimechuchumaa. Nilikaa huko mpaka mtoto akaanza kulia, halafu tukalia wote wawili. Kisha nikanawa uso, na kama ulivyosema, sijaisoma.

Asubuhi hii nimeweka chai mezani kwa Baba kama kawaida, ila siku hizi naweka vikombe viwili. Nilikohoa nikatoka. Kutoka ndani akanijibu kwa kukohoa naye, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilisimama uani kidogo.

Jana mvua ilinyesha, basi ripoti ya leo nimeiona kwa macho yangu. Nje ya mlango kuna nyayo za watu wawili. Za Onchiri ni za viatu vya matairi, zinaingia na kutoka. Za Baba ni za peku. Mguu wa kulia uko mzima. Wa kushoto uko mzima, kisigino, ubavu na vidole vitano, nimehesabu.

Nimefagia ua wote. Pale mlangoni nimepaacha.

Drusilla